Kadi ya Harusi Iliyosema Ijumaa

Baba yangu alihudhuria harusi ya mdogo wangu peke yake, siku moja kabla haijafanyika.

Alikaa kwenye ngazi za ukumbi uliofungwa, suti ya kijivu, zawadi mapajani, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Kisha akaondoka.

Kosa lilikuwa langu. Ila ngoja nianze na kompyuta, maana ndiko nilikojificha muda mrefu.

Mimi kazi yangu ni kusanifu kadi, lebo na vipeperushi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Kwa miaka kumi na moja nilitumia programu moja tu. Vidole vyangu viliijua kuliko kichwa changu.

Halafu kampuni iliyoitengeneza ikanunuliwa na mshindani wake.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia inakuwaje fahali hao wakioana. Nyasi ni zile zile, jamani.

Tukaletewa barua pepe tamu: eti safari mpya, familia moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na tarehe ambayo programu yetu ingeacha kufunguka. Tuhamie ya kwao.

Tukajaribu. Kazi zetu za zamani zikafunguka zimevurugika, herufi zimepandana, nyekundu imegeuka rangi ya tope. Mwenzetu mmoja aliacha kazi wiki hiyo hiyo, akaenda kuuza simu.

Mimi sikukasirika. Sikuhisi kitu. Nilikuja kazini, nikakaa, nikarudi nyumbani.

Tuliyebaki naye tunamwita Kipara, na yeye ndiye aliyepata dawa.

"Hii programu inaangalia tarehe tu," akasema. "Tuichomoe kompyuta kwenye intaneti, turudishe kalenda yake mwaka mmoja nyuma. Itajuaje kama imeshakufa?"

Haikujua. Ikafunguka kama kawaida. Kuanzia siku hiyo, mezani kwangu ulikuwa mwaka uliopita, na nikaona sawa tu.

Miezi mitatu baadaye, mdogo wangu akanipigia.

"Kaka, kadi zangu utatengeneza wewe. Na ya Baba uiandike vizuri."

Baba alihama nyumbani miaka sita iliyopita, akaanzisha familia nyingine. Alijitoa kwenye kundi letu la familia kwenye simu. Hakunipigia, nami sikumpigia.

"Hatakuja," nikamwambia.

"Atakuja. Nataka anishike mkono tuingie wote. Mjomba nampenda, lakini mjomba si baba."

Nikakaa kwenye mashine. Harusi ni tarehe kumi na nne. Siku gani vile? Nikatupa jicho kwenye kalenda ya kompyuta, pale pembeni. Ijumaa. Nikaandika Ijumaa.

Ilikuwa Ijumaa kweli, ila ya mwaka uliopita. Mwaka huu ilikuwa Jumamosi.

Kipara akazipitisha, tukachapa, tukasambaza.

Jumatano ya wiki ya harusi, shangazi akaandika kwenye kundi: "Hivi harusi ni Ijumaa au Jumamosi? Au kadi yangu imelewa?" Watu wakacheka mpaka basi. Bibi harusi akasahihisha, yakaisha.

Dakika tano baadaye akanipigia.

"Kaka, Baba hayumo kwenye kundi. Mwambie."

"Nitamwambia."

Alhamisi nilitoa simu nikalitazama jina lake. Nikairudisha mfukoni. Ijumaa saa tatu asubuhi nikaitoa tena. Nikajiambia mzee ana macho, ataona mwenyewe kwamba siku na tarehe haziendani. Nikaenda kupiga pasi shati.

Jumamosi mdogo wangu alisimama mlangoni na maua yake. Wimbo wa kuingilia ukapigwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena. Alikuwa anatazama barabarani. Mwishowe mjomba akampa mkono, wakaingia.

Mlinzi wa ukumbi ndiye aliyeniambia habari za mzee wa suti ya kijivu. Nilimsikiliza, nikasema asante, nikaenda kukaa. Chakula nilikula chote, sikumbuki kilikuwa nini.

Jumapili nikaenda kwa Baba.

Alifungua mlango yuko na fulana, hakushangaa. Nikaanza kueleza pale pale, kama mtu anayesoma ripoti. Kwamba kuna kampuni ilinunua kampuni nyingine. Programu ikafungwa. Tukarudisha kalenda nyuma. Kadi ikakosewa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "kampuni hizo ndizo zilizokukataza kunipigia simu?"

Nilitazama miguu yake.

Akaingia ndani, akarudi na kadi. Alikuwa ameizungushia kalamu Ijumaa, na kumi na nne pia.

"Niliona kosa siku ile ile kadi ilipofika," akasema. "Kalenda ninayo ukutani. Nilijua ni Jumamosi."

"Sasa Baba, mbona ulienda Ijumaa?"

"Ili niweze kusema nilikuja."

Ndani mtoto alikuwa anamwita baba, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba anamwita huyu huyu.

"Jumamosi mdogo wako angeninyooshea mkono," akasema. "Ule mkono nisingeuweza, mwanangu."

Akanipa zawadi. Karatasi yake ilikuwa imekunjamana kwa jasho la viganja.

Jioni niliipeleka kwa mdogo wangu. Aliishika bila kuifungua.

"Alikosea siku, sivyo? Ni ile kadi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kompyuta ingebeba lawama zote, na haina mdomo wa kubisha.

"Alijua," nikasema. "Na mimi nilijua kwamba huenda akaenda Ijumaa, sikumpigia."

Hakulia. Alisema, "Sawa, kaka," akafunga mlango polepole. Ni miezi minne sasa, na simu zangu hapokei.

Jumatatu ile niliweka kalenda ya kompyuta kwenye tarehe ya kweli. Programu ikakataa kufunguka, na miaka yangu kumi na moja ikafungiwa humo. Kipara alinitukana. Hapo ndipo nilipolia, kazini, mbele ya mteja wa lebo za sabuni.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umeambiwa umpigie simu, usimwachie akasome mwenyewe kwenye kadi.