Betri Iliyonyweshwa Maji ya Meru

Mzee Najim, fundi cherehani wa Kijenge, alijivunia vitu viwili: mkono wake wa kushona suti na maji ya Mlima Meru. Maji hayo ndiyo yaliyomlea, ndiyo yaliyompa meno ya kahawia, na aliyeyasema vibaya mbele yake alikuwa anatafuta ugomvi. Basi ruksa ya kuagiza bidhaa za nje ilipokuja, na magari waliyoyachoka Wajapani yakaanza kumiminika mjini, mzee akajinyima miaka mitatu akanunua Korola nyeupe. Hakuona kwa nini betri yake inywe maji mengine.

"Baba Najat, dukani kuna maji ya betri ya chupa," mkewe Mwanamkuu alimwambia.

"Ya chupa! Mtu anakaa chini ya mlima halafu akanunue maji?"

Kila Ijumaa akitoka msikitini alifungua vifuniko vya betri, akaijaza maji ya bomba mpaka yakafurika. Ule unga mweupe uliokuwa ukiota kwenye vichwa vya betri aliuacha, akisema ni mvi, dalili ya utu uzima. Gari lenyewe halikwenda popote. Lilikaa uani, likioshwa na kusuguliwa, likingoja shughuli yenye hadhi yake.

Shughuli ikapatikana. Najat, binti yake wa pekee, aliposwa na kijana wa Usa River. Mzee akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe hatatoka kwake kwa gari la kuazima. Atapelekwa na baba yake mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Akajishonea na suti.

Siku ya siku, bibi harusi akapanda nyuma, vigelegele juu. Mzee akazungusha ufunguo. Gari likasema, "Tik." Akarudia. "Tik." Vigelegele vikaanza kupungua, kimoja kimoja.

Akaitwa Mohinder, fundi umeme wa magari, aliyekuwa na gereji mtaa wa pili. Akafunua boneti, akachungulia ndani ya betri, kisha akamtazama mzee mdomoni.

"Mzee Najim, umeitilia maji gani?"

"Ya kwetu. Ya mlimani."

"Maji haya yana madini. Wewe unapiga mswaki kila siku na bado yamekupaka rangi, sembuse betri isiyo na mswaki! Hii inataka maji ya chupa, tena kwa kipimo. Huu unga unafutwa. Na gari linatembezwa, si kusimamishwa kama kabati. Sasa imekufa. Chukua pikapu yangu, mwahishe mtoto."

"Pikapu ya kuazima? Sitaki!"

"Basi lisukumeni. Lakini likiwaka, usilizime mpaka urudi. Ukilizima, utalala hukohuko."

Mtaa mzima ukasukuma. Mwanamkuu, viatu mkononi, alisukuma huku akimlaani mumewe kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Kwenye mteremko mzee akaachia klachi, gari likakohoa, likawaka, wakalikimbilia na kulidandia.

Usa River walipokelewa kwa shangwe. Watu wote wakaingia ndani. Mzee Najim akabaki kwenye usukani, kaushika kwa mikono miwili, injini inanguruma. Wakwe wakamwita mara tatu.

"Nipo, nipo," alijibu. "Nachaji betri."

Betri gani? Hata yeye alijua ilikwishakufa. Alichoogopa ni kuingia nyumba ile na mwanawe, kisha kutoka peke yake. Afadhali kuitwa dereva kuliko kulia mbele ya wakwe.

Mwishowe Najat akatoka, sahani ya pilau mkononi, akainama dirishani. Hina ya mikononi mwake ilikuwa bado inanukia.

"Baba, zima gari uingie ule na sisi."

"Mwanangu, nikilizima, leo siondoki."

"Najua," akasema Najat. "Mohinder alisema mbele yangu."

Mzee akamtazama mwanawe, akatazama sahani. Kisha akazima gari.