Mama Mkwe Aliwapambia Sebule Watu Waliokuja Kutazama Shida Zetu

Admin, naomba unifichie jina. Mama mkwe wangu hana simu, lakini majirani zake wote wanazo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, Mkongo wa Bukavu, nimeolewa na Mnubi hapa Kampala. Tunaishi Nateete, chumba na sebule, mimi na mume wangu, watoto na mama yake. Kinubi kinanipiga chenga mpaka leo, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili. Mume wangu alikuwa anaendesha boda mpaka alipovunjika mguu, na tangu hapo nyumba naibeba mimi. Nafuata mukene Ggaba, wale dagaa wadogo wa ziwani, nakuja kuwauza kwa kikopo kando ya barabara. Mvua ikinyesha dagaa wanaloa, na siku hiyo tunakunywa chai kavu tunalala. Binti yangu mkubwa, Zaituni, hajarudi shule tangu muhula ufunguliwe. Shangazi yake wa Jinja amesema atamchukua akamlelee mtoto, na yeye atamlisha. Wazazi wenzangu mnajua maana yake. Ni uhausigeli uliovalishwa kanga ya undugu.

Basi mwenyekiti wa mtaa akapita kutuambia kuna watu wa mradi watatembea nyumba kwa nyumba, watazame nani ana shida ya kweli, wampe kibanda cha sokoni na bidhaa za kuanzia. Jamani, nililia. Kibanda chenye paa! Nikasema moyoni, Zaituni haendi popote.

Mama mkwe yeye alisikia neno moja tu: wageni.

Siku waliyokuja niliwahi Ggaba, na niliporudi sikuitambua sebule yangu. Makawa yake ya kusuka, yale ya rangi rangi anayofunikia chakula cha Idi, ameyatundika ukuta mzima. Vitambaa vyeupe vimepigwa pasi. Makochi ya jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha, yamehamia kwetu. Na kuku wetu wa pekee, aliyekuwa anatutagia mayai, yuko kwenye sufuria. Nikafungua mdomo, akanikatiza.

"Wewe nyamaza. Mimi siwezi kalisha mugeni chini kwa mukeka. Kwa ukoo yetu hiyo hapana."

Wakaja, kijana mmoja na dada mpole. Wakakaa kwenye makochi, wakala wakashiba. Yule dada akauliza, "Mama, hapa munakula mara ngapi kwa siku?"

Mama akacheka. "Mwanangu, hii nyumba haijanyima mutu chakula. Ongeza supu."

Nikamtazama mume wangu, akainamisha kichwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, lakini nitamkanusha vipi mama mkwe mbele ya wageni wake? Waliaga wakisifu makawa, wakasema nyumba hii ina baraka. Kisha wakaingia kwa Nalongo.

Nalongo mume wake ana gereji. Kwao nyama si habari. Ila siku ile sebule yake ilikuwa tupu, kwa sababu makochi yake yote yalikuwa kwetu! Akawakaribisha kwenye mkeka. Kibanda amepata yeye.

Alikuja mwenyewe kuniambia, uso umemshuka. "Banange, mukwano, rafiki yangu, mimi sikudanganya mutu. Waliuliza kama vitu yangu ni hii tu. Sasa nikisema viti iko kwa jirani, si nitakuwa nimeaibisha mama yako?" Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, na yeye akalia na mimi. Siwezi hata kumchukia.

Nikamwendea mwenyekiti. Amewabembeleza watu wa mradi, wamekubali kupita tena kwetu Alhamisi, maana kibanda kimoja kimebaki. Akanionya, "Lakini zungumuza na ule mama. Apunguze maua."

Nilizungumza naye jana, na kwa hasira, sitaficha. Nilimwambia, mama, heshima yako inatuua njaa. Alikunja kitambaa chake, akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kunisimulia.

"Baba ya watoto alipokufa, ndugu zake walikuja, wakakuta nyumba haina kitu. Wakasema huyu mwanamuke hawezi kulea. Walichukua wakubwa wangu wawili, wakapeleka Arua. Mumoja sikumuona tena mpaka leo. Mutu asione nyumba yako tupu, mwanangu. Akiona, atakuja chukua watoto."

Hasira yangu yote iliisha palepale, nikabaki na huzuni. Sasa sijui nishike lipi. Yeye anaamini nyumba ikionekana tupu, watoto huchukuliwa. Mimi naona tukizidi kuificha, Zaituni ataondoka, na shangazi amesema anamfuata mwisho wa wiki. Nikisema ukweli mbele ya wale wageni, nitakuwa nimemwaibisha mama wa watu kwenye sebule yake mwenyewe, na ameapa atarudi kwa ndugu zake Bombo asinione tena. Mume wangu anasema nisimguse mama yake. Halafu anageukia ukuta.

Leo asubuhi nimemkuta mama mkwe uani anasuka kawa jipya la wageni wa Alhamisi. Zaituni amekaa ubavuni kwake anamchagulia nyuzi, wanacheka. Habari za Jinja hatujamwambia mtoto bado. Akainua macho akaniuliza, "Mama, Alhamisi tutaazima tena makochi kwa Nalongo?"

Bibi yake akaacha kusuka, akanitazama, anangoja nijibu. Nilisema naenda kuchota maji, nikatoka.

Ndugu zangu, maji nimeshachota, na mtoto bado anangoja. Mngekuwa mimi, mngemwambia nini huyu mtoto?