Zamu ya Kushika Kanga

Ilitangazwa na ofisi ya wilaya, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrover, kwamba Idd mwaka huo itasherehekewa na wananchi wote wa Bagamoyo siku moja na kwa moyo mmoja. Kwamba alasiri ya siku hiyo kutakuwa na mbio za familia ufukweni. Kwamba kila familia itatoa baba, mama na mtoto, watakaokimbia wameshika kanga moja, na atakayeiachia atakuwa ameiondoa mashindanoni familia yake nzima. Na kwamba shabaha ya yote hayo ni umoja, ambao ndio msingi wa maendeleo. Landrover ilipita kila mtaa mara mbili, ili umoja usikike vizuri.

Mwaka uliotangulia, mbio zile zilipoanzishwa, mji uliona haya. Mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa lilikuwa jambo lenye kuhitaji maelezo. Zilijitokeza familia nne tu, mbili za walimu, ambao hawakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa. Lakini watu waliokwenda kucheka walirudi na kijicho, na mwaka huu Fukayosi walikwishapanga kuja na lori zima, na huko Mapinga wanawake walionekana wakikimbia mikoroshoni asubuhi, wakiulizwa wanasema wanawahi kuni.

Bi Sihaba, mke mkubwa wa Mrisho fundi cherehani, alikuwa miongoni mwa walioona haya. Mumewe alipomwuliza mwaka ule kama atakimbia, alijibu, "Nikimbie, nimeiba kuku wa nani?" Basi akakimbia Tatu, mke mdogo. Na kwa kuwa Tatu hakuwa na mtoto, aliazimwa Dija, binti wa Sihaba. Wakatoka wa pili, wakapewa sinia.

Sinia lile lilitundikwa chumbani kwa Tatu, na Ramadhani hii nzima futari ilikuwa ikiletwa juu yake. Sihaba alikuwa akila tambi huku akisoma maandishi ya ushindi yakijitokeza chini yake kidogo kidogo. Na si sinia tu. Sokoni watu walikuwa wakimsimamisha Dija: "Mamako hajambo? Yule wa mbio?" Mtoto alikuwa akijibu hajambo. Uchungu wa kuzaa ulikuwa wa Sihaba; umama, inaelekea, ulikwenda kwa mwenye miguu.

"Mwaka huu nakimbia mimi," akasema.

Tatu aliinamisha uso.

Mrisho alikuwa mtu wa haki kiasi cha kuchosha. Akimnunulia huyu doti, yule naye doti, ua lile lile. Wenye domo walisema hata samaki huwapima kwa futi yake ya kushonea. Kuambiwa achague mke mmoja mbele ya wilaya nzima kulimnyima usingizi, hata akapata hukumu.

"Ambaye Idd itaangukia zamu yake, huyo ndiye atakayeshika kanga. Mimi hapo simo."

Zamu zilikuwa za siku mbili mbili. Mwezi ukiandama jioni ya mfungo wa ishirini na tisa, Idd itakuwa siku ya Tatu. Usipoandama, watu watatimiza thelathini, na Idd itakuwa ya Sihaba. Shauri likawa mbinguni.

Jioni ile ya ishirini na tisa mawingu ya vuli yalitanda pwani yote. Wanaume walikwenda ufukweni kukunja shingo. Sihaba alikuwa uani akianua nguo, na Tatu ameinama kisimani akiteka maji. Mara wingu likapasuka juu ya paa la jiko, na mwezi ukawa pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Kisha wingu likafunga.

Sihaba akaendelea kuanua nguo. Akajikumbusha alivyofundishwa katika chuo cha Kurani, kwamba ushahidi wa mwanamke mmoja katika mambo ya mwezi haufai kitu. Maisha yake yote alikuwa akiiona hukumu ile ina uonevu ndani yake. Jioni ile aliielewa hekima yake.

Mrisho alirudi akipangusa mchanga miguuni. "Hakuna kitu. Mawingu matupu. Redio nayo inasema haukuonekana."

"Mungu ndiye ajuaye," akasema Sihaba.

Siku ya pili mji mzima ulifunga. Lakini chuo kile kile kilikuwa kimemfundisha Sihaba jambo jingine: aliyeuona mwezi peke yake, swaumu kwake ni haramu, na afungue kwa siri. Sihaba alikuwa mcha Mungu katika yale yaliyobaki. Mchana, mumewe alipokuwa kwenye cherehani yake na Dija amekwenda kucheza, alikumbuka kwamba muhogo wa daku ulibaki, akaingia jikoni.

Nyuma ya mlango alikaa Tatu, sinia mapajani, shavu limejaa.

Walitazamana.

"Umeingia hedhini, mwenzangu?" akauliza Sihaba, kwa ule upole wa mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kutokea.

"Hedhi mwezi wa tatu huu sijaiona, dada," Tatu akasema, baada ya kumeza. "Nimeona mwezi. Nawe uliuona. Nilikutazama toka kisimani hapo, ukakamata shuka kama lataka kukimbia."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema, leo si ningekuwa nimeshika kanga? Na tumbo hili nitakimbilia wapi? Nikaona heri ukimbie wewe, kwa kuwa ndilo utakalo. Kaa, dada. Muhogo upo."

Sihaba akakaa. Muhogo ulikuwa wa baridi, nazi imegandia juu. Akamega. Kitu ulichojiandaa kukiiba, ukipewa, hakina ladha. Na miezi mitatu.

"Mrisho anajua?"

"Nitamwambia siku ya Idd."

Alasiri ya Idd ufuko haukuonekana kwa watu. Sihaba alifunga doti mpya kiunoni, akashika pindo la kanga. Dija katikati, Mrisho mbele. Filimbi ikalia. Alikimbia vizuri kuliko alivyojidhania, wakawapita walimu, wakawafikia wa Fukayosi, na mbele yao wakabaki watu wachache tu. Lilibaki jambo moja: aonwe na Tatu.

Akageuza uso. Tatu alikuwa amekalia kiti, kiti ambacho hakuna aliyejua kilikotoka. Bi Mwanamkasi wa nyumba ya pili, ambaye alieneza habari kuliko Landrover, alikuwa amemshikia mwavuli. Wanawake wamemzunguka, mmoja amemwekea mkono tumboni, wote wanacheka, na wote wameyapa mashindano mgongo.

"Mama," Dija akasema, "umeachia."

Afisa akawatoa kwa filimbi. Jua lilipoinama alipanda juu ya meza, akawashukuru wananchi wa Bagamoyo kwa kusherehekea Idd yao siku moja na kwa moyo mmoja. Watu walipiga makofi, na wake wa Mrisho nao wakapiga. Wao Idd yao walikuwa wamekwisha kuila jana yake, sinia moja, muhogo wa baridi.