Sura Niliyoiruka

Mie sikuitaka kompyuta. Niliseme hilo mwanzo kabisa, maana siku hizi kila mtu wa rika langu anajitia aliiona inakuja toka mbali. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma pale Chang'ombe, miaka kumi na minne kwenye kiti kilekile, na mashine yangu niliijua mpaka vitufe vinavyokwama wakati wa masika. Chumbani kwetu tulikuwa sita, wanawake watupu, na ukipita koridoni ungedhani mvua ya mawe inapiga bati. Barua za mkurugenzi zilikuwa zinaletwa kwangu. Nilikuwa sikosei, nilijua kuwa sikosei, na wenzangu walijua kuwa najua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mashirika yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine, na sie tulikuwa tunazisikia habari hizo redioni kama mambo ya watu wengine. Halafu likauzwa letu. Meneja utumishi akatuita sote sita, akatusimamisha mbele ya meza yake, akasema wenye shirika wapya hawahitaji wapiga chapa. Wanahitaji mtu mmoja wa kuendesha kompyuta. Kutakuwa na mtihani baada ya miezi mitatu, atakayeshinda atabaki. Mwenzetu mmoja akauliza mafunzo yatakuwa wapi. "Anayetaka kazi atajifunza," akasema, "njia anaijua mwenyewe."

Njia gani? Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, chumbani kwa mhasibu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile redio ya bibi harusi. Chumba hicho ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu, kwa sababu tuliambiwa vumbi la barabarani linaiua mashine. Kuigusa ndiyo kabisa, ilikuwa marufuku. Kozi zilikuwako mjini, lakini ada zake si za mtu kama mie. Basi tukawa tumeambiwa tujifunze kitu tusichoruhusiwa kukigusa, na tusipojua, vibarua vyetu viote nyasi.

Nami sikuwa na pa kukimbilia. Baba wa wanangu alishaondoka zamani, watoto wawili walikuwa shule, na nyumbani kwetu Tandika mleta chakula nilikuwa mie peke yangu, na mama yangu mzazi pembeni. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mpiga chapa wa miaka thelathini na minane, wakati ofisi zote zinatupa mashine zao, nani angemchukua?

Aliyetuletea ukombozi alikuwa jirani yangu wa meza, mwanamke wa bara, mcha Mungu, mpole, ambaye kwa kupiga chapa alikuwa bure kabisa. Alikuwa anatumia vidole vinne, na nakala zake za kaboni zilikuwa zinamliza. Barua zake nyingi nilikuwa nazipanga mie kabla hazijapelekwa juu. Sasa yeye alikuwa na shemeji yake bandarini, na shemeji akamwazima kitabu cha kujifunza kompyuta, kikubwa, cha Kiingereza, jalada limeshatoka. Tukakubaliana: wiki moja kikae kwake, wiki moja kwangu. Kiingereza changu kilikuwa afadhali kidogo, basi nikawa natafsiri sura moja moja kwenye kaunta buku, na wakati wa chakula cha mchana namsomea.

Nilichora vitufe vya kompyuta kwenye boksi la sabuni, nikiviiga kutoka kwenye picha, kila kimoja mahali pake. Alasiri nikitoka kazini nakaa uani kwenye mkeka, boksi mapajani, kitabu mbele yangu, mama pembeni anachambua mchele. Nabonyeza, kisha nasema kwa sauti kile ambacho kingetokea kwenye kioo, maana kioo chenyewe sina.

"Hapo imehifadhi. Hapo imefuta."

"Imefuta nini, mwanangu?" mama akauliza siku moja.

"Barua, mama."

"Iko wapi hiyo barua?"

"Haipo. Si imefutwa?"

Mama akanitazama, akarudi kwenye mchele wake. Jirani yetu wa nyumba ya pili kila akipita alikuwa na lake: leo umepata stesheni gani, hiyo sinema inaanza saa ngapi. Kuna siku nilicheka naye. Kuna siku nilimtukana, na sikumwomba radhi. Nyie hamjui inavyouma kuwa mtu mzima unabonyeza boksi mbele ya wanao, huku moyoni unajua kwamba hata ukikosea, boksi haliwezi kukwambia.

Nilikwenda hivyo sura kwa sura. Nilijifunza kuwasha, kuzima, kuhifadhi, kutafuta barua iliyohifadhiwa, kunakili, kutuma kwenye mashine ya kuchapisha. Nilikuwa nakariri kama mtoto wa madrasa. Sura moja tu niliiruka, ya tatu. Kichwa chake kilisema namna ya kupiga chapa barua. Nilipokiona nilicheka peke yangu, nikafunua kurasa zote za sura ile kwa mkupuo, nikaenda ya nne. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti ya kurasa najisikia kujizaba kofi.

Mwenzangu aliniuliza wakati wa chakula. "Dada, mbona ya tatu hujaiandika?"

"Hiyo yako wewe," nikamwambia. "Mie nifundishwe kupiga chapa na kitabu?"

Akatabasamu kwa aibu, akakichukua kitabu akaondoka nacho. Yeye aliisoma. Ilimchukua wiki nzima na kamusi ya mwanawe, kwa sababu kupiga chapa ndiko kulikokuwa kunamshinda.

Sura ile ilikuwa na jambo moja tu la maana, nililijua baadaye. Sie wa mashine tulizoea kwamba ukikaribia mwisho wa mstari kengele inalia, unavuta mkono wa mashine, karatasi inapanda, unaanza mstari mpya. Miaka kumi na minne mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya hivyo bila kuniuliza. Kitabu kilisema kwenye kompyuta usifanye lolote. Mstari unajigeuza wenyewe, wewe endelea tu kupiga mpaka aya iishe. Maneno machache hivyo, hata nusu ukurasa hayajazi.

Siku ya mtihani tulipangwa kwenye benchi nje ya chumba cha mhasibu, tukaitwa mmoja mmoja, dakika ishirini kila mtu. Nilivua viatu, nikaingia. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa makamo, ametumwa kutoka mjini na wenye shirika wapya, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Baridi ya kiyoyozi ilinipanda kutoka nyayoni. Akanipa ukurasa wa mwandiko wa mkono niupige.

Kwa mara ya kwanza nikagusa kompyuta. Vitufe vilikuwa laini mno, vinazama kabla hujavibonyeza, lakini kila kimoja kilikuwa pale nilipokichora. Karibu nilie kwa furaha. Kengele tu ndiyo haikuwapo, basi nikawa naukodolea macho upande wa kulia wa kioo, na kila maneno yakikaribia ukingo nabonyeza kile kitufe kikubwa cha kuanza mstari mpya. Mstari baada ya mstari. Nilimaliza ukurasa mzima bila kosa hata moja, na saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika nusu ya muda wangu. Msimamizi akainama, akatazama, akaguna kwa kuridhika.

"Vizuri sana, mama. Sasa ingiza sentensi hii hapa, katikati ya aya ya kwanza."

Nikaingiza. Ule mstari ukajaa, maneno yaliyozidi yakaangukia chini, yakasimama peke yake, maneno mawili kwenye mstari mzima. Mstari uliofuata ukaanzia chini yake kama hauhusiki. Nikafuta hapa, maneno mawili yakagandana. Nikasukuma pale, mstari mwingine ukakatika. Kila nilipogusa palivunjika pengine, mpaka aya yote ikawa na mapengo kama kinywa cha kizee. Kwenye mashine ningejua la kufanya: ningechomoa karatasi, ningeweka nyingine, na barua ingetoka upya, safi. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Nikamgeukia yule mama nikamwambia, "Naomba karatasi nyingine."

Hakucheka. Afadhali angecheka. "Mama," akasema, "hapa hakuna karatasi."

Nikaweka mikono mapajani. Dakika zilizobaki nilikaa vilevile, nakitazama kioo, sijui nianzie wapi. Kila nilichokariri uani kwetu kilikuwa kichwani, kimepangwa vizuri, na hakuna hata kimoja kilichonifaa.

Nilipotoka, mwenzangu alikuwa anavua viatu, zamu yake imefika. Akaninong'oneza, "Ikoje, dada?" Nikamjibu, "Ya kawaida." Sikumwambia kitu. Nilikaa benchini nikamsikiliza anavyodonoa, kitufe kimoja, kimya, kitufe kingine, na Mungu anisamehe, moyoni nilipata nafuu. Alipotoka uso umemwiva. "Sijamaliza hata nusu," akasema. "Lakini ile sentensi imeingia vizuri tu."

Wiki iliyofuata jina lake likabandikwa ubaoni. Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikanawa tena, mpaka mfagizi akaniuliza kama naumwa. Siku tatu sikumwitikia salamu. Nilimchukia, na nilijua sina sababu ya kumchukia, na hilo ndilo lililozidi kunikera. Nyumbani nikamwambia mama kwamba majibu hayajatoka. Akaniambia atazidi kuniombea.

Ijumaa, baada ya watu wa swala kurudi, mwenzangu akaja kusimama mlangoni pa chumba chetu cha mashine. Alikuwa pekupeku, amesahau kuvaa viatu alipotoka chumba cha kompyuta. Mkononi ana karatasi yenye mwandiko wa meneja.

"Dada, nisamehe. Nina barua za kuandika na sijui zinavyopangwa. Zangu ulikuwa unazipanga wewe."

"Barua za nani?"

Akainamisha uso. Nikayatazama majina kwenye karatasi. Barua zilikuwa tano, na mle chumbani tulikuwa tumebaki watano.

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa, na sina jibu la kujisifia. Nadhani sikuweza kuvumilia barua itoke ofisini ikiwa imepangwa ovyo. Nilikwenda naye, nikavua viatu, nikakaa kando yake. Kumbukumbu namba juu kulia, nikamwambia. Tarehe chini yake. Kushoto jina la mpelekewa. Ruka mistari miwili. Yah, nukta mbili, halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa: KUSITISHWA KAZI.

"Nianze na ya nani?" akauliza.

"Anza na yangu."

Akapiga jina langu kwa vidole vyake vinne, akawa anavuta kamasi. Nikamwambia aache, atalowesha mashine. Nikamsomea maneno ya meneja, taratibu, naye akiyapiga. Yalikuwa machache: shirika limebadilisha utaratibu wake wa kazi, ajira yako inakoma mwisho wa mwezi, kabidhi vifaa vyote vya ofisi. Basi. Nikaigeuza karatasi nyuma nione kama kuna zaidi.

"Shukrani ziko wapi?"

"Hajaandika."

"Barua ya namna hii haiishi hivyo. Ingiza hapo, kabla ya habari ya vifaa: Uongozi unakushukuru kwa utumishi wako wa miaka kumi na minne."

"Meneja akiuliza?"

"Mwambie ndivyo zinavyoandikwa."

Akaingiza. Maneno ya chini yakasogea yenyewe, mstari ukageuka wenyewe, na barua ikakaa sawasawa kama iliyopigwa hivyo tangu mwanzo. Hakugusa kitu kingine. Nikaitazama. Kwa zile nne hatukuandika upya, alibadilisha jina na miaka tu. Miaka ya kila mmoja nilimtajia mie, naijua yote kwa kichwa. Kazi ambayo ingenichukua asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa.

Meneja alikuja kuzichukua mwenyewe. Hakutaka kuvua viatu, akasimama kizingitini, nikampelekea zote tano pale. Akaziegemeza mlangoni, akasaini moja baada ya nyingine bila kusoma. Ya kwanza ilikuwa yangu, na kwa kuwa nilikuwa karibu, akanikabidhi palepale. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante.