Ndege wa Insha

Kwaru, kwaru. Tuliusikia mkwaruzo huo nyuma ya darasa kabla hatujageuka kuona ni nini, na hadi leo nikishika kalamu ndio ninaousikia kwanza.

Nyinyi wa enzi zetu mnajua: insha haikuwa insha bila ndege. Mwalimu Musyoka, mtu wa Kitui ambaye viatu vyake viling'aa hata kwenye matope ya Silanga, mtaa wetu wa Kibera, alituandikia ubaoni mwanzo wa kukariri: jua liling'ara, ndege walitumbuiza, upepo mwanana ulivuma. Tulikariri huku tukinusa mandazi ya jirani, maana mtihani ulipenda ndege.

Shule ilipofunguliwa baada ya ghasia za uchaguzi, Kibera ikinuka bado mabati yaliyoungua, alituambia tuandike tulichokiona, mwanzo wake ule ukiwa bado ubaoni. Tukaandika. Akasoma madaftari ya mstari wa mbele, akatikisa kichwa.

"Ndege, ndege, ndege! Moshi umefunika hadi Soko la Toi, nyinyi mliwaona wapi?"

"Hao ni wa insha, ticha," akasema Wafula. "Hawaogopi risasi."

Tukaangua kicheko. Kilipotulia ndipo tukasikia: kwaru, kwaru.

Alikuwa Akinyi. Nyumba yao ilikuwa imeteketea, na mchana huo mamake angekuja kumchukua wahamie Siaya. Tangu moto ule hakuwa ametamka neno. Kalamu hakuwa nayo. Alikuwa ameokota kipande cha makaa na kuandika kwenye ukuta wa mabati, kosa la viboko:

"Mlango wetu ulikuwa unakwaruza sakafu, tunajua mama ametoka sokoni. Nyumba haiko. Mlango bado nausikia."

Mwalimu aliyasoma hadi mwisho. Kisha akachukua dasta, akawafuta ndege wake wote ubaoni.

"Soma, mama," akamwambia kwa upole.

Akasoma. Sauti ilitoka imekauka, lakini ilitoka. Maneno ya kawaida tu, ya kila siku, nami vinyweleo vikanisimama.

Siku hizi ubunifu una kipindi chake kwenye ratiba. Mtoto anatumwa nyumbani atengeneze gari la maboksi. Baba anakata, mama anagundisha, mtoto mwenyewe anapiga picha kwa simu na kusifiwa. Heri yao. Ila sijui kama kuna anayewaachia ukuta wa kuandika yao wenyewe.

Mchana ule, mamake alipobisha, Akinyi alijipangusa masizi kwenye sketi. "Kwaherini," akasema, akatoka, akauvuta mlango wa darasa nyuma yake. Ukakwaruza sakafu hadi ukafungika.