Tulienda Lyon kutembea siku moja tu, tukakutana na mtu aliyezikwa Rangwe

Wakuu, hamjambo. Mimi huwa msomaji tu hapa, comment zangu mtahesabu kwa vidole. Lakini hii kitu imenikaa kifuani na leo naitoa. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni katibu wa group ya wachimba dhahabu pale Masara, Migori. Mwaka jana tulialikwa Geneva, mkutano wa mambo ya kuacha kutumia zebaki.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mama Risper ambaye ameosha dhahabu na karai tangu nikiwa primary, na Chacha, Mkuria wa Kegonga, mtu wa utani sana.

Mkutano ukaisha Friday. Chacha akasema hawezi kurudi Kegonga bila kukanyaga Ufaransa na iko hapo tu. Saturday asubuhi tukapanda treni mpaka Lyon.

Ni mji mzuri, siwadanganyi. Mito miwili, kanisa jeupe juu ya mlima, watu wanaingia hotelini na mbwa na hakuna mtu anashtuka.

Lunch, Chacha akaonyesha menu na kidole, confidence yote. Akaletewa matumbo.

"Yaani nimepanda ndege kuja kula matumbo?" Lakini alimaliza sahani.

Tukavuka mto tukafika mtaa wenye maduka ya Waafrika. Mihogo, ndizi, nywele za kusuka. Baridi ilikuwa inauma. Mama Risper alikuwa amefunga leso mbili juu ya jacket, na bado analia kwa sauti, "Yawa, koyo nega!" Jamani, baridi inaniua.

Kwa mlango wa kinyozi, mwanaume mwenye mashine mkononi akageuka.

"Mama, biuru ei ot." Ingieni ndani.

Wakuu, kusikia Dholuo huko! Tulicheka, tukasalimiana kama ndugu. Akatuwekea viti, akatupikia chai ya maziwa, ile yetu kabisa. Akasema yeye ni wa Rangwe, upande wa Asumbi.

Mama Risper ameolewa Masara, lakini kwao ni huko huko.

"Wa kwa nani?" akauliza.

Jamaa akataja baba yake.

Mama Risper akaweka kikombe chini. Akamwangalia uso muda mrefu.

"Odhiambo?"

Jamaa akainamisha kichwa.

"Odhiambo, mimi nilipika kwa matanga yako."

Kwa wale si Wajaluo: mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika yago, lile tunda refu zito, mahali pake. Ikishaingia kaburini, huyo ni marehemu. Imeisha.

Chacha alikuwa ananivuta shati, "Anasema nini? Anasema nini?" Nikamtafsiria. Akasimama, akaenda kukaa karibu na mlango. Mama Risper alikuwa anaomba chini chini, alidhani ni jachien, roho ya mtu aliyekufa.

Odhiambo akakaa chini, akaanza kueleza.

Alitoka nyumbani na rafiki yake Omolo, boma zao zinapakana. Yeye ndiye alimshawishi Omolo. Wakapita Libya, wakapanda boti, boti ikapinduka baharini. Mtu mmoja aliyeokolewa akapiga simu nyumbani kusema wote wawili wameisha.

Yeye aliokolewa na meli nyingine. Akakaa kambi bila simu. Siku alipoingia Facebook, kitu ya kwanza kuona ni picha ya kaburi lake.

"Kwa nini hukupiga simu?" nikamuuliza.

"Nirudi hai peke yangu? Mama Omolo akiniuliza mtoto wake, nitamjibu nini?"

Akatuomba tusiseme.

Mama Risper akasema, "Hii siri siwezi kubeba. Mama yako anaweka maua kwa kaburi la tunda. Mimi nitasema. Wewe utachagua kushika simu ama kuiacha ilie."

Tukiwa mlangoni alinyoosha mkono, akachukua simu yangu, akaandika namba yake mwenyewe.



Tulipofika Kenya tukaenda Rangwe, mimi na Mama Risper. Tulipata mama yake Odhiambo anabambua njugu nje ya nyumba. Mama Risper akamwambia polepole, amemshika magoti.

Nilingojea nduru. Hakupiga. Aliuliza tu, "Anakula vizuri?" Halafu akateleza kutoka kwa kiti mpaka chini, akalia bila sauti.

Hapo ndipo jirani akatokea, ameona wageni akaja kusalimia. Alikuwa Mama Omolo.

Aliambiwa. Alisimama pale, uso wake ukafunguka, na wakuu, hiyo ndiyo ilinimaliza. Akasema, "Kama Odhiambo yuko hai, basi na wangu yuko."

Akaniambia nipige hiyo namba.

Ililia sana. Nikajua hatashika. Akashika.

"Odhiambo, ni mama Omolo. Mtoto wangu ako wapi?"

Tulisikia mashine ya kunyoa ikizimwa.

"Mama, nilimshika mkono. Maji yakamtoa kwangu. Nilimwona akienda."

Tulingoja amtukane, ama amlaani. Mama huyo alikaa chini kando ya mama Odhiambo, simu bado sikioni.

"Asante," akasema. "Sasa nimezika."

Wazee bado wanabishana Odhiambo atarudishwaje nyumbani na kaburi lake liko pale. Mama yake anaongea na yeye kila jioni.

Nilichojifunza: ukinyamaza ili usimuumize mtu, huyo mtu anaendelea kuumia tu, na wewe haupo kumshika.

Sasa niambieni. Mngekuwa kwa hicho kiti cha kinyozi, mngesema ama mngenyamaza? Na kama kuna Mjaluo hapa anajua mtu aliyezikwa yago akarudi boma, wazee walifanya nini? Nauliza kwa niaba ya familia.