Tundu Nililoliziba Chini ya Mashua

Enzi zetu kule Quiterajo, mtoto aliyetoka chuoni kusoma Kurani na kupita ufuoni hakukaa bure. Maji ya bamvua yakitoka, mashua zinalazwa ubavu mchangani, wanaume wanazikwangua chini, na sisi wasichana tunasokota pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa za mbao, mapajani mpaka mapaja yanawasha. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ilitufuata hadi kitandani. Tukimaliza tunapewa muhogo wa kuchoma na kipande cha pweza, tunakula kwa mikono ileile inayonuka. Mtoto wa leo ukimpa pamba atadhani ni ya kusafishia masikio.

Baba yangu, Bakari, alikuwa na amri moja siku za kazi hiyo: "Ukiona tundu, ziba. Usiniite."

Mwaka ule alikuwa amenunua mashua yenye injini ndani, ya kwanza kijijini kwetu. Ilinguruma tumboni mwa chombo, na ubavuni maji yakachuruzika kama mbuzi anayekojoa. Tulikuwa tukikimbia kwenda kuyatazama na kucheka. Hakuna aliyejiuliza yaliingilia wapi.

Siku ya kuipaka mashua, nikaona tundu chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa mashua, linaingia kidole gumba. Nikasokota pamba nene, nikaifunga kwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye leso yangu, nikaisindilia kwa kijiti. Baba akaja na deheni yake, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, akapaka juu bila hata kuinama vizuri, akanishika kichwa. "Huyu wa pwani kweli," akasema. Nilivimba kichwa siku nzima.

Kesho yake injini ilichemka kabla baba na wenzake hawajafika mbali, ikafuka moshi, wakarudi wakisukuma kwa pondo, ule mti mrefu.

Akaitwa fundi Fransisku kutoka Diaca, kule bara, mtu wa mashine za kusaga. Alilala barazani kwetu na kunibakishia ukoko wa wali, nami nilimpenda sana. Alikuwa na ndoto ya kuhamia pwani: akipata jina kwetu, angemleta mkewe. Kwa hiyo injini ile haikuwa kazi tu kwake.

Alibadilisha mkanda, ikachemka. Akamwaga oili na kutia mpya, ikachemka. Akafungua pampu, akakuta mpira wake umeungua, akachonga mwingine kwa tairi kuukuu, ikachemka. Mjomba akasema ni shetani, likaletwa kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, likamiminwa kwenye mpira unaoipelekea injini maji, na injini ikapoa! Watu wakashangilia. Kombe likaisha, moto ukarudi. Fundi akajaribu ndoo ya maji ya kisima, ikapoa tena mpaka ndoo ilipokwisha.

Akajishika kichwa. "Patrão, bosi wangu, mimi sielewi. Ikinywa ndoo inapoa. Ikiwa baharini, maji kila upande, inaungua."

"Labda haitaki chumvi," baba akasema, na watu wazima na ndevu zao wakaitikia.

Kwao Diaca mashine hunyweshwa kwa pipa. Kwetu chombo hakiachiwi tundu. Hakuna aliyewaza kuchungulia chini, na mimi ndiye niliyewaletea ndoo.

Wiki ilipokwisha baba alikuwa amechoka. "Fundi, umenimalizia chombo," akamwambia mbele za watu. Fransisku alipanda lori na mfuko wake wa spana. Kijiji kikambandika jina la Fundi Moshi, na sisi watoto tukaliimba hadi kwenye michezo yetu. Nami niliimba.

Bamvua lililofuata, baba alikuwa anakwangua deheni akaona uzi mwekundu. Akauvuta, pamba ikatoka nzima. Akaitazama, akaitazama leso yangu, akaitia mfukoni. Jioni injini ikawaka, mbuzi wetu akakojoa kama zamani. Watu wakauliza imekuwaje.

"Imepona yenyewe," baba akajibu.

Nilichanganyikiwa. Huyu ndiye baba aliyenichapa kwa kudanganya juu ya sukari. Asubuhi alipakia samaki wakavu kwenye lori akaenda Diaca, akarudi na samaki walewale. Fransisku alikuwa amehama, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Hatukuwahi kulizungumza, mpaka baba akafa. Mpaka leo sijui alikuwa ananificha mimi au anajificha yeye na deheni yake. Wala sijui kwa nini sikufungua mdomo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mashua ya mtoto wa kaka yangu, injini ikachemka. Vijana watatu wakatoa simu wakatazama video, huyu anasema oili, yule anasema pampu, wa tatu anatafuta mtandao kwa kuinua mkono juu. Enzi zetu tungekuwa tumeshaleta kombe. Nikawaambia, "Pigeni mbizi mtazame tundu linaloingiza maji ya kupoza injini." Mmoja akazama, akaibuka na mfuko wa plastiki mkononi. Injini ikapoa.

"Shangazi, nani kakufundisha?" wakauliza, wamekodoa macho.

Zamani tulikuwa na watu wa kutufundisha, tukawafukuza kwa matundu tuliyoyaziba wenyewe. Vijana hawa wana simu, hawana wa kumfukuza. Sijui nani ana nafuu.

"Fundi mmoja wa Diaca," nikawajibu. "Fransisku. Hapajatokea fundi kama yeye pwani hii."

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikageuka nikaangalia maji yanavyochuruzika ubavuni, ili wasinione ninavyolia.